Mafahali Wawili Hawakai Zizi Moja, Wala Nyoka Wawili Sanduku Moja

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu nyoka hakutajwa kwa jina lake usiku. Aliitwa "kamba". Bibi alikuwa akituambia kwamba ukimtaja giza likishaingia, ni sawa na kumwita. Basi leo naomba radhi kwa wazee wote wanaonisikiliza, maana nitamtaja mara nyingi mno, na sina namna ya kuzungumza jambo hili bila ya kumtaja mwenyewe.

Nazungumza kwa sababu nina deni. Deni lenyewe si la fedha, ni la ushauri mbaya nilioutoa kwa moyo mweupe. Na ushauri mbaya unaotolewa kwa moyo mweupe ni hatari kuliko ule unaotolewa kwa fitina, maana ule wa fitina mtu aweza kuushuku.

Dada yangu anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Nilipokwenda kumtembelea, mwanawe mwenye umri wa miaka 13 alinipokea kwa furaha, akanishika mkono hadi chumbani kwake. "Mjomba," akaniambia, "njoo umwone mwenzangu." Juu ya meza palikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake alijikunja nyoka mwekundu mwenye mabaka ya rangi ya chungwa yaliyozungushiwa wino mweusi. Mpwa wangu alikuwa amempa jina la Kitenge. Nami, msikilizaji, nilirudi nyuma hatua tatu. Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka, sembuse akimwona nyoka mwenyewe!

Kijana akacheka, akaanza kunifundisha. Huyu, akasema, hana sumu. Ni katika jamii ya nyoka wanaojulikana huko kama nyoka wala-panya, na yeye hasa huitwa nyoka wa mahindi. Wengine husema jina hilo lilitokana na ghala za mahindi, ambako alikuwa akionekana akiwinda panya. Wengine husema ni kwa sababu ya tumbo lake, ambalo lina madoadoa meusi na meupe kama gunzi la mahindi ya rangi mbalimbali. Wataalamu humwita Pantherophis guttatus. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, na mtaalamu wa Kiswidi, Linnaeus, alikwisha kumwandika katika vitabu vya sayansi tangu mwaka 1766. Yupo na ndugu yake mkubwa, nyoka mweusi mla-panya, ambaye kwa kawaida hufikia urefu wa mita moja na nusu au zaidi, na ambaye hupanda miti na kuta za maghala kama mtu apandaye ngazi. Wote hao huua kwa kubana. Humkamata panya, humviringishia mwili mara mbili tatu, na panya huaga dunia.

Baada ya siku kadhaa hofu ilinipungua. Jioni nilikuwa nikikaa na mpwa wangu tukimtazama Kitenge akitoka mafichoni, akichezesha ulimi. Na hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilimwambia kijana: "Mwanangu, kiumbe huyu yuko peke yake mchana na usiku. Hana wa kuzungumza naye. Mtu ni watu. Kwa nini usimtafutie mwenziwe?" Kijana akaliona jambo hilo kuwa la maana. Alikuwa na akiba yake ya fedha. Jumamosi iliyofuata tukaenda naye dukani, tukamnunua nyoka jike mdogo, mwembamba kama penseli, tukamwita Kanga. Muuza duka hakutuuliza lolote isipokuwa fedha. Tuliporudi nyumbani, tulimtia Kanga katika sanduku lile lile la Kitenge. Siku ya tatu tukawakuta wamelala pamoja chini ya kificho kimoja, mmoja juu ya mwingine. "Unaona," nikamwambia kijana, "wamependana."

Hawakupendana, msikilizaji. Hilo ndilo nilitakalo kulieleza leo.

Sisi wanadamu tumezoea kumpima kila kiumbe kwa kipimo chetu. Tukimwona mbuzi peke yake amefungwa, analia, tunajua anawatafuta wenziwe, na ni kweli, kwa maana mbuzi ni mnyama wa kundi. Kuku hali kadhalika. Lakini nyoka mla-panya hakuumbwa hivyo. Mama hutaga mayai yake mahali penye joto na unyevu, katika gogo lililooza au chungu ya majani, kisha huondoka. Baada ya miezi miwili hivi mayai huanguliwa, na watoto hutoka kila mmoja akashika njia yake. Hakuna anayewalisha, hakuna anayewalinda, hakuna anayewafundisha. Nyoka huyo huwinda peke yake, hula peke yake, na windo lake haligawanyiki, kwa kuwa hana meno ya kukata nyama. Humeza panya mzima au hakosi kulala njaa. Sasa kiumbe wa namna hiyo, mwenziwe kwake si rafiki. Mwenziwe ni mtu aliyekuja kukaa mlangoni pa jikoni lake.

Wapo watakaosema: mbona nyoka huonekana wengi shimoni pamoja? Hilo ni kweli, na lina maelezo yake. Katika nchi zenye baridi kali, nyoka hawawezi kuishi juu ya ardhi wakati wa kipupwe. Hutafuta mapango na nyufa za miamba zinazofika chini pasipoganda barafu, na kwa kuwa mahali pa namna hiyo ni pachache, hukusanyika. Nyoka mweusi mla-panya hujulikana kulala kipindi hicho pamoja hata na nyoka wenye sumu kali, wale wenye njuga mkiani. Kwa sababu hiyo wakulima wa zamani wa Marekani walimwita rubani, wakiamini kwamba ndiye anayewaongoza wenye njuga kwenda shimoni. Lakini wakusanyikao kwa ajili ya baridi si lazima wawe marafiki. Watu hujazana katika kituo cha basi mvua inyeshapo, na mvua ikikatika kila mtu hushika njia yake. Na nyoka hao, majira ya kuchipua yakifika, hutawanyika. Tena madume hushindana kwa miereka, kila mmoja akijaribu kumlaza mwenziwe chini.

Niwe mwadilifu hapa, nisije nikakemea kila kitu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier, huko Canada, walitangaza kwamba nyoka wadogo wa aina nyingine, wenye mistari mirefu mgongoni, walipowekwa pamoja walionyesha kuwapendelea baadhi ya wenzao na kurudi kukaa nao. Kwa hiyo si kila nyoka ni mpweke kwa kiasi kimoja. Lakini wale ni wa jamii tofauti, huzaa watoto badala ya kutaga, na chakula chao kikubwa ni minyoo, vyura na samaki. Huwezi kuchukua tabia ya ng'ombe ukamvika chui kwa sababu wote wana miguu minne.

Turudi Columbus. Wiki ya kwanza Kanga alikula mtoto wa panya. Wiki ya pili alikataa. Wiki ya tatu alikataa tena. Kitenge yeye alikula bila ya wasiwasi na kuongezeka unene. Mpwa wangu, ambaye ni mtoto mwangalifu kuliko mjomba wake, alikuwa akiwapima kwa mizani ya jikoni na kuandika katika daftari. Kanga alikuja akiwa na gramu 14. Mwisho wa wiki ya tano alikuwa na gramu 11. Kwa mtu mzima ni sawa na kupungua kutoka kilo 70 hadi 55. Kijana akaniuliza, "Mjomba, anaumwa?" Sikuwa na jibu. Tukamchukua hadi kwa daktari wa wanyama.

Daktari hakuanza kwa kumtazama Kanga. Alianza kwa swali: "Anakaa na nani?" Tulipomweleza, aliketi, akatutolea darasa ambalo sasa nakutolea wewe.

La kwanza, alisema, nyoka kulala pamoja si dalili ya mapenzi. Katika sanduku kuna mahali pamoja penye joto zuri na maficho pamoja mazuri. Kila mmoja anapataka. Mkubwa hukaa, na mdogo, badala ya kukosa joto kabisa, hujipenyeza. Nyoka hapigi kelele, hanuni, halii. Dhiki yake huionyesha kwa kutokula, kwa kujificha mno, kwa kuzungukazunguka akisugua pua kwenye kioo akitafuta pa kutokea. Zaidi ya hayo, nyoka huujua ulimwengu wake kwa ulimi. Kila anapoutoa, huokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kinywa. Porini akikutana na harufu ya nyoka mkubwa kuliko yeye, huondoka. Katika sanduku ataondoka aende wapi? Harufu hiyo anaivuta usiku na mchana.

La pili ni chakula. Nyoka wawili wakiona panya mmoja, mmoja aweza kumshika kichwani na mwingine mkiani. Meno ya nyoka yamepinda kuelekea kooni. Akishaanza kumeza si rahisi kwake kuacha. Wanameza, wanameza, mpaka wanakutana katikati, na mkubwa huendelea kummeza mwenziwe pamoja na panya. Hata pasipo kugombana, harufu ya panya iliyobaki kichwani mwa mmoja yatosha kumfanya mwingine amdhanie kuwa ndiye kitoweo. Ajali hizo zimewatokea wafugaji wengi, na mara nyingi huwapoteza wote wawili.

Na hapo daktari akatoa onyo moja ambalo alisema halina "lakini". Yupo nyoka mwingine apendwaye sana na wafugaji, aitwaye nyoka mfalme. Ufalme wake umetokana na chakula chake: hula nyoka wenziwe, wakiwamo wala-panya. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, David Penning na Brad Moon, waliandika kwamba nyoka mfalme hubana kwa nguvu zaidi kuliko mla-panya wa ukubwa ule ule. Kuwaweka pamoja ni kumtia kuku katika kapu la kicheche.

La tatu ni maradhi. Wapo utitiri wa nyoka, wadudu wadogo mfano wa wale wa kuku, ambao hunyonya damu na kujificha chini ya magamba na pembeni mwa macho. Akiwa nao mmoja, wanao wote. Lakini lililo baya zaidi ni kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu. Hukaa katika tumbo la nyoka, tumbo likavimba, nyoka akawa anatapika alichokula na kukonda hadi kufa. Hakuna dawa ya kutegemewa ya kumponya, na dawa nyingi za kawaida za kusafishia hazikiui. Kinapita katika kinyesi. Nyoka aweza kuonekana mzima huku akimwambukiza mwenziwe kwa miezi. Na ukiwafuga pamoja halafu ukakuta matapishi asubuhi, utajuaje ni nani aliyetapika? Ukikuta kinyesi chenye damu, utamtibu yupi? Kwa sababu hiyo, alisema daktari, nyoka mgeni hukaa karantini katika chumba kingine kwa muda wa siku 90. Ana sanduku lake na bakuli lake la maji, na mfugaji humhudumia wa mwisho, kisha hunawa. Sisi tulimpa Kanga karantini ya safari kutoka dukani hadi nyumbani.

La nne ni uzazi. Kitenge ni dume, Kanga ni jike. Jike mchanga akipandwa kabla ya mwili wake kukomaa, mayai huweza kumkwama tumboni, na hilo humuua. Wafugaji wa nyoka wa mahindi wana kanuni yao nyepesi ya kukumbuka, ya tatu tatu: jike afikishe miaka 3, futi 3 na gramu 300 ndipo afikiriwe uzazi. Kanga alikuwa na gramu 11.

Tulitoka pale kila mtu kimya. Njiani kijana aliniuliza swali moja tu: "Mjomba, kumbe alikuwa anaogopa siku zote hizi?" Nilitamani lami ipasuke nizame.

Siku ile ile tulimtenga Kanga. Sasa nikueleze nyumba ya nyoka huyu inavyopaswa kuwa, maana kumtenga katika ndoo si kumtunza.

Nyoka hatoi joto lake mwenyewe, hulitafuta. Kwa hiyo sanduku lake liwe na upande wa joto na upande wa ubaridi, ili achague. Upande wa joto uwe kati ya nyuzi 29 na 31 za Selsiasi, na upande wa pili kati ya 22 na 24. Kifaa cha umeme cha kupasha joto lazima kiunganishwe na themostati inayokizima kikizidi, la sivyo utamchoma mnyama huku ukidhani unamstarehesha. Kipimajoto kiwekwe pande zote mbili. Usikisie kwa kiganja. Kila upande uwe na kificho cha kumtosha barabara, kwa kuwa nyoka hujisikia salama anapoguswa na kuta. Akiwa na kificho kimoja tu, atalazimika kuchagua kati ya joto na usalama.

Sakafu yaweza kuwa ya maranda ya mti wa aspen au karatasi safi. Maranda ya mwerezi yasitumike kabisa, maana mafuta yake yenye harufu humdhuru. Bakuli la maji liwe zito lisipinduke, na maji yabadilishwe. Unyevu wa wastani humsaidia kujivua gamba, na hapa sina maana ile ya wanasiasa. Nyoka hulivua gamba lake kweli kweli, zima, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Likitoka vipande vipande, ujue hewa ni kavu mno. Tena weka matawi ya kupanda. Kwa mkubwa, urefu wa sanduku usipungue urefu wake akijinyoosha, na sanduku la sentimita 120 kwa 60 ndilo wengi huanzia. Mfuniko uwe na kufuli au vibanio. Nyoka mla-panya ni bingwa wa kutoroka; palipopita kichwa, mwili utafuata.

Chakula ni panya waliokwisha kufa, ambao huko huuzwa wakiwa wameganda. Hutolewa katika friza, huyeyushwa katika maji ya moto, hupanguswa, kisha hupewa nyoka kwa koleo ndefu. Panya hai aweza kumng'ata nyoka na kumjeruhi vibaya. Ukubwa wa panya ukaribiane na unene wa nyoka mahali alipo mnene zaidi. Mchanga hula kila baada ya siku 5 hadi 7, mkubwa kila baada ya siku 7 hadi 14. Akishakula, asishikwe kwa siku mbili, asije akatapika.

Najua yupo atakayeuliza: je, haiwezekani kabisa kuwaweka wawili? Wapo wafugaji wazoefu wanaofanya hivyo. Lakini tazama masharti yao. Nyoka wawe wa aina moja na ukubwa mmoja, tena wote majike. Kila mmoja awe amekaa karantini na kuthibitika mzima. Sanduku liwe kubwa mno, na kila kitu kiwe mara mbili: sehemu mbili za joto, bakuli mbili, na maficho mawili kwa kila nyoka katika pande zote. Kila mmoja atolewe na kulishwa mbali na mwenziwe, na asirudishwe mpaka amemaliza na harufu ya panya imetoka. Wapimwe uzito kila mara. Na masanduku ya akiba yawe tayari, yamekwisha pashwa joto, ya kuwatenganisha saa yoyote. Ukiyajumlisha hayo yote, utaona gharama imezidi ile ya kumpa kila mmoja nyumba yake. Faida anaipata nani? Si nyoka. Anaipata mtazamaji, anayefurahi kuona wawili.

Jambo jingine lilituhusu sisi wenyewe. Dada yangu ana binti wa miaka 4, aliyezoea kuingia chumbani kwa kaka yake kuwagusa wale nyoka. Nyoka mzima kabisa aweza kubeba bakteria wa salmonela katika kinyesi na juu ya ngozi bila ya kuonekana mgonjwa. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa hushauri kwamba watoto wa chini ya miaka 5 wasishike nyoka, mijusi wala kobe. Tangu siku ile mlango ukawa unafungwa, vyombo vya nyoka havikuoshwa tena jikoni, na kila aliyemshika nyoka alinawa kwa sabuni.

Kuna na sheria. Watu hudhani Marekani kila kitu ruksa. Sivyo. Katika jimbo la Georgia, kwa mfano, nyoka wa kienyeji asiye na sumu, akiwamo huyu wa mahindi, hafugwi nyumbani bila ya kibali. Na kabla ya sheria kuna umri: nyoka huyu akitunzwa huishi miaka 15 hadi 20. Mtoto wa miaka 13 akimnunua leo, huenda akawa naye siku ya harusi yake. Bibi harusi naye aulizwe mapema!

Sasa nigeukie kwetu. Nisingependa mtu atoke hapa akaokote nyoka kichakani ati amesikia redioni kuwa nyoka hufugika. Hao niliowataja ni wa Marekani, na wengi wao wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Hapa kwetu tuna koboko, tuna swila, tuna kifutu. Tuna pia boomslang, nyoka wa mitini, mpole wa kutazama. Mwaka 1957 mtaalamu mkubwa wa nyoka, Karl Schmidt wa Chicago, aling'atwa na boomslang mchanga aliyeletwa kwake ili amtambue. Hakudhani kuwa ni jambo kubwa. Kesho yake alikufa. Ikiwa bingwa aliweza kukosea, wewe na mimi tuna ujuzi gani? Isitoshe, wanyamapori si mali ya anayewaokota. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2013 zinataka kibali kwa kumiliki mnyama wa porini.

Lakini si kila nyoka wa kwetu ni adui. Yupo nyoka wa nyumba, wa rangi ya kahawia, asiye na sumu, ambaye kazi yake ni kula panya wanaotuharibia nafaka. Huyo huuawa kila siku kwa kosa la kuzaliwa nyoka. Ukimkuta nyoka usiyemjua, usimguse wala usimpige. Rudi nyuma, mwondoe mtoto, na uwaite wanaojua.

Kanga je? Aliwekwa chumba cha pili, katika sanduku dogo lililojaa majani ya karatasi na vificho viwili. Siku 9 hakuguswa na mtu. Siku ya 10 kijana alimwekea mtoto wa panya, akazima taa, akafunga mlango. Asubuhi panya hakuwapo. Aliporuka kitandani kuja kuniamsha, sikumlaumu, ingawa ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Niliporudi nyumbani alikuwa amefika gramu 13. Juzi nimeletewa habari kwamba amepita 40, na amejivua gamba zima bila ya kubakiza hata kipande. Bado yuko chumba chake, na Kitenge chumba chake, na hakuna anayemwuliza mwenziwe habari.

Nimelifikiri sana jambo hili. Tumelelewa katika usemi wa umoja ni nguvu, na ni usemi wa kweli kwetu sisi binadamu. Lakini kabla ya kumfanyia kiumbe wema, inafaa tujue yeye wema anauonaje. Wapo wazee tuliowatoa kijijini tukawaleta katika ghorofa ya tatu mjini, tukawafungia mlango na televisheni, tukasema tumewaondolea upweke. Wanakula kidogo kidogo, wanakonda, nasi tunasema ni uzee. Hakuna aliyekaa nao akawauliza. Nyoka hana ulimi wa kusema, basi mjomba mjinga kama mimi ana kisingizio. Mzee wako anao. Muulize.

Kwa leo tukomee hapo. Wazee walioudhika kwa kutajiwa nyoka usiku nawaomba tena radhi. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo wakati kama huu.